Hodi Kutoka Ndani

Ukifika Ipagala ukaulizia nyumba ya mama Anna, watakusindikiza hadi getini, na njiani watakusimulia jinsi mama huyo alivyo mvumilivu. Wanajumuiya wenzake wa Mtakatifu Monika walishampa jina la Mama Uvumilivu. Yeye akalivaa kama mtu anavyovaa sare ya kwaya iliyombana kwapani, kwa kuwa huwezi kuivua katikati ya wimbo.

Jina lake la ubatizo ni Emiliana. Ana miaka hamsini na miwili, ni karani wa masijala katika ofisi moja ya serikali kule Mtumba, na kazi yake kubwa, ukiacha kupanga mafaili, ni kusema bado. Mama, faili langu limepanda kwa bosi? Bado, baba. Mama, barua yangu imesainiwa? Bado, pita Alhamisi. Anasema kwa upole, hata kwa wale wanaomgombeza. Lakini jioni akishuka kwenye basi la watumishi miguu imemvimba, na akili yote anaielekeza kwenye kiti. Nyumbani anamkuta mtu mwingine anayelisubiri neno lile lile.

Mtu huyo ni mama mkwe wake, Bi Lea. Mume wa Emiliana, Damas, ni dalali wa mahindi Kibaigwa. Huja Jumapili na kuondoka Jumatatu alfajiri. Kwa hiyo mama ni wa Damas lakini kumwogesha ni kwa Emiliana, na Damas, ambaye ni mtu mzuri sana, hushukuru kila Jumapili.

Ni miaka minne sasa tangu wamtoe Bi Lea kijijini, upande wa Chamwino, kumbukumbu zilipoanza kumpotea. Mwaka wa kwanza alisahau majina. Mwaka wa pili alisahau kwamba mumewe amefariki. Kila akiambiwa alilia upya kama msiba umeingia leo, mpaka wakaacha kumwambia. Kilichobaki sasa ni maji.

Kwao, kiangazi kikikaza, wanawake waliteremka korongoni wakachimba mchanga hadi shimo likawafika kiunoni, kisha wakakaa kando kungoja maji yajikusanye chini kidogo kidogo. Unateka kata moja, unangoja. Ndoo moja ilikula asubuhi nzima. Hapa Ipagala bomba lao hutoa maji Jumanne na Ijumaa, na siku nyingine zote Bi Lea huchimba uani. Huchimba kwa upawa, kwa sahani, kwa kiatu, halafu hukaa chini kungoja.

"Emi, maji yametoka?"

"Bado, mama."

Baada ya dakika mbili, "Emi, maji yametoka?"

Jioni moja, wakati akipika mlenda, Emiliana aliamua kuhesabu. Zilifika mara kumi na tisa kabla chungu hakijachemka, akaacha kuhesabu kwa sababu aliona anajitafutia dhambi.

Dada wa kazi aliondoka Pasaka na hakurudi. Mchana, Emiliana akiwa kazini, sikio la Bi Lea ni jirani, Mwanaidi, fundi cherehani ambaye baraza lake linapakana na ukuta wao. Bi Lea akipiga hodi ukutani, Mwanaidi huitikia "karibu" bila kuinua mguu kwenye cherehani, na bibi huridhika kwamba dunia bado ina watu.

Wifi yake Emiliana, Frida, anayekaa Ihumwa, alikuwa amemwambia zaidi ya mara moja, "Wifi, niletee mama hata siku mbili kwa wiki. Ni mama yangu mimi."

"Tunaendelea vizuri tu, wifi," Emiliana alimjibu.

Hapo ndipo ninapomlaumu. Moyo wake ulikuwa unapiga kelele ya ndiyo. Lakini Mama Uvumilivu angemtoaje mkwe wake kwenda Ihumwa, na jumuiya wangesema nini? Akaendelea kupiga magoti kila alfajiri kumwomba Mungu amwongezee uvumilivu, na kila jioni ukawa umekwisha kabla ya chakula. Jumatano moja, akimwondoa Bi Lea kwenye shimo, alimvuta mkono kwa nguvu. Asubuhi yake mkono ulikuwa umevimba. Emiliana aliuchua kwa mafuta ya nyonyo, na alijua alivuta kwa makusudi. Akaanza kujiogopa.

Jumamosi ya wiki hiyo ilikuwa zamu ya nyumba yake kupokea jumuiya, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ijumaa jioni alifukia mashimo matatu, akafagia, akapanga mabenchi. Alipoamka kuchemsha chai alimkuta Bi Lea amekaa chini, udongo hadi mapajani, benchi moja likiwa limeingiza mguu kwenye shimo jipya.

"Emi, maji yametoka?"

Hakumjibu. Alimnawisha mikono, akambadilisha nguo, akamkalisha kitandani na kikombe cha uji. "Nusu saa tu, mama," akasema, akafunga mlango kwa nje. Ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga.

Waliingia watu kama kumi na watano. Mwenyekiti wao, mzee Castory, mwalimu mstaafu, alimtafuta bibi kwa macho.

"Shikamoo yangu leo nampa nani? Bibi yuko wapi?"

"Amelala, mwenyekiti."

Wakaimba, wakasoma. Somo la siku lilikuwa juu ya uvumilivu, na mzee Castory, ambaye kwa kawaida huanza mbali, safari hii hakuwa na sababu ya kwenda mbali. Alifungua karatasi yake akasema mfano wanao, wamekalia mabenchi yake, watakunywa chai yake. Emiliana aliinamisha kichwa, na watu wakadhani ni unyenyekevu.

"Hodi," ikasikika.

Ilikuwa sauti ndogo, ya adabu, ya mgeni asiyetaka kusumbua, na ilifuatwa na vidole vikigonga mbao taratibu. Ilitoka ndani, nyuma ya mlango wa chumba. Mzee Castory alikohoa akaendelea kusoma.

"Hodi wenyewe."

Hakuna aliyeitikia. Hebu fikiria, watu wazima kumi na watano waliolelewa kuitikia hodi tangu wanatambaa, wote wanaangalia miguu yao. Basi nyuma ya ukuta Mwanaidi, ambaye hakujua kuna nini, akaitikia kama alivyozoea.

"Karibuu, bibi. Pita tu."

"Asante, mwanangu," sauti ikasema. Kitasa kikazunguka. Kikazunguka tena. Kisha Bi Lea akasema polepole, kwa aibu, "Haufunguki. Mnisamehe, labda nimekosea nyumba."

Emiliana alisimama. Fundo la kanga lilimgomea, akalifungua kwa meno mbele ya watu wote. Alipofungua mlango Bi Lea alikuwa amejitanda vizuri kama anayekwenda ugenini, amebeba kikombe cha uji ambao hakuunywa. Akawatazama watu wa uani, uso ukamfunguka.

"Mbukwenyi," akawaamkia kwa Kigogo.

"Mbukwenyi, bibi," wakaitikia, wote kwa pamoja, kwa nguvu kupita kiasi.

"Hakuwa amelala," Emiliana alisema. "Nilimfungia mimi. Na Jumatano nilimvuta mkono mpaka ukavimba. Nimechoka, mwenyekiti. Msinitaje tena kwenye mafundisho."

Mzee Castory alikunja ile karatasi, akatafuta pa kuiweka, akaishia kuikalia. Mama mmoja alijisogeza kwenye benchi akampa bibi nafasi. Walisali Baba Yetu kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu, na kabla amina haijapoa Bi Lea akamgeukia mwenyekiti.

"Maji yametoka?"

"Bado, bibi," mzee Castory alijibu.

Chai ikamiminwa. Akaulizwa tena, akajibu tena. Kisha akaulizwa yule mama wa benchini, kisha aliyefuata, kisha mwenyekiti kwa mara ya nne. Emiliana alikaa kwenye kizingiti, hakumsaidia mtu. Chai ilipokwisha kila mmoja alikuwa ameshasema bado mara mbili tatu, na wengine walikwisha kuanza kutazama saa. Safari ile hakuna aliyemsifu wakati wa kuaga. Mzee Castory alimshika mkono tu, akasema, "Pole, mama Anna." Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka minne kupewa pole badala ya hongera, na alilia, getini, mchana kweupe.

Alimpigia Frida kabla hajaosha vikombe.

"Zile siku mbili ulizosema, wifi. Bado unazo?"

"Kuna nini?"

"Nimechoka."

"Jumatano nakuja na bajaji. Na ungeniambia mapema."

Jumatano hiyo Emiliana alirudi kutoka kazini akakuta uani hakuna shimo wala swali. Alikaa kwenye kochi kufungua viatu na akalala navyo mpaka alfajiri.

Ijumaa, kabla ya kwenda kazini, alikuwa bombani anakinga maji alipomsikia bibi getini.

"Hodi."

"Karibu, mama." Akaacha ndoo, akaenda kufungua.

Frida akamshusha mama yake kwenye bajaji. Bi Lea aliingia uani na upawa wa Frida mkononi.

"Emi, maji yametoka?"

"Yametoka, mama. Hayo yanamwagika."

Bi Lea aliinama akatia vidole kwenye ndoo, akamshukuru Mungu kwa Kigogo, akapangusa mkono kwenye kanga. Emiliana aliiondoa ndoo, akasogeza nyingine.

"Emi, maji yametoka?"

"Yametoka, mama."

Mgongo ulimuuma, na basi la watumishi lilikuwa halingoji mtu. Alihesabu kwa vidole vilivyolowa kutoka leo mpaka Jumatano. Siku tano. Siku tano aliziweza.