Ng'ombe Aliyenisomesha

Nilikuwa nimeshaamua kabla hatujafika dukani: nanunua kompyuta mpakato ndogo, basi. Nimepiga chapa ofisini miaka mingi, na vidole vyangu vinataka kitu kinachogongeka. Kishikwambi nilikiona ni cha kutazamia harusi za watu.

Kazi yenyewe ilikuwa moja. Mama, ambaye sasa anakaa nami hapa mjini, Igoma, alikuwa ameanza kusahau. Jina la jirani linampotea, chai anaitia sukari mara mbili. Ila ng'ombe wa marehemu baba, waliokuwa wakinywa maji ziwani kule kijijini kwetu, anawakumbuka mmoja mmoja. Na kwetu Wasukuma ng'ombe huitwa kwa rangi na mabaka yake; kila mpangilio una neno lake. Maneno hayo mimi siyajui. Niliogopa, nasema kweli, kwamba siku moja nitamuuliza naye atanitazama tu. Nilitaka kuyaandika mapema.

Nilishajaribu kwa kompyuta ya kazini. Niliifunua mezani kati yetu, mama akachungulia juu ya kioo chake.

"Unanihoji kama polisi," akasema. "Ondoa hilo pazia nikuone uso."

Nilicheka, lakini sikujifunza kitu. Nikajiambia tatizo ni ukubwa wake, ndogo itafaa.

Duka lilikuwa mtaa wa Mirongo. Muuzaji, dada wa makamo, alimwamkia mama shikamoo, akampa kiti, kisha akatuwekea vyote viwili juu ya meza. Mimi nikaivamia ile kompyuta ndogo.

"Taratibu dada," muuzaji akaniambia, "haijakukosea."

Mama naye alikiona kishikwambi kina vumbi, akakifuta kwa kidole. Mstari mweusi ukatokea. Akafuta tena, ukaja wa pili.

"Nimeharibu kitu cha watu," akasema.

"Hujaharibu, mama. Hapo ni pa kuchorea. Endelea tu."

Akaendelea. Ikaja pembe, ikaja nundu, halafu mabaka. Baka moja hakulipenda, muuzaji akamwonyesha jinsi ya kulifuta, naye mama akalishusha kidogo chini ya bega. Kisha akatamka neno la Kisukuma ambalo sikuwahi kulisikia.

"Ni nani huyo?" nikauliza.

"Ndiye aliyekupeleka sekondari. Baba yako alitoka naye alfajiri kwenda mnadani, akarudi na sanduku lako la bati. Ng'ombe huyo alikuwa na maziwa kuliko wote. Tukanywa chai ya rangi mpaka ukamaliza shule."

Kwamba ng'ombe aliuzwa nilijua. Ni yupi, sikuwahi kuuliza. Nikaifunga ile kompyuta ndogo na kumrudishia muuzaji.

Sasa kishikwambi chetu kina ng'ombe kumi na tisa. Mama anachora, anatamka, nami naandika neno chini ya kila mmoja. Kioo hakigongeki; naandika kwa kidole kimoja, nakosea, nafuta, naanza upya. Jana mama alisubiri mpaka akachoka.

"Miaka yote ile ya shule, na bado unatafuta herufi?" akasema. "Yule ng'ombe angejua, angegoma njiani."