Kuku wa Waafshari

Kuna siku moja naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya arusi yangu. Ilikuwa huku Sydenham, hapa Durban, miaka ya tisini inaelekea kwisha, mimi msichana niliyetoka Bukavu juzi tu. Mvua nyepesi ilikuwa inaanguka. Mazulia tuliyoyafua yalining'inia barazani yakidondosha maji, na mwanga uliopita katikati yake ukawa mwekundu, ukawa buluu, hata ukuta ukaonekana kama unapumua. Nikakaa pale naota. Mtu wa kazi haoti, lakini tuache hilo.

Bibi Golnar ndiye aliyenifundisha kutengeneza mazulia. Alikuwa Mwafshari, wa kabila moja la Uajemi, ila alikaa Dar miaka mingi, na Kiswahili chake kilinyooka kuliko changu.

Akaja Mzee Karimi, mtu wa kwao, na vitu viwili. Kimoja ni mfuko wa mgongoni kwa farasi, umeliwa na nondo, aliofuma marehemu mama yake. Cha pili ni zulia alilolikuta mnadani, lina tundu katikati. Vyote vilikuwa na kuku wadogo waliofumwa, safu kwa safu. Akaniuliza, machozi yanamlenga, "Binti, si mkono mmoja huu? Niambie ni wa mama."

Nikamwonea huruma. "Ndiyo, baba. Mkono mmoja."

Uso wake ukafunguka. "Basi ufumue mfuko, uzi wake uzibe lile tundu. Mama awe mahali pamoja."

Nikachukua mkasi. Tena kwa furaha!

"Weka chini huo!" Bibi Golnar alikuwa mlangoni, birika mkononi. "Nani kakwambia mkono mmoja?"

"Kuku, Bibi."

"Kuku! Kwetu huyu anafuma kuku, yule anafuma waridi aliloliona mjini Kerman, mwingine anaiga shali ya mgeni. Na majirani zetu nao wana kuku wao. Wote mama yao mmoja? Pindua!"

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tukavipindua. Kwenye mfuko, uzi unaopita kati ya mafundo ulikuwa sufu nyekundu. Kwenye zulia ulikuwa pamba nyeupe.

"Mfuko huu ni wa hemani, kwa wenye kondoo," akasema Bibi. "Zulia ni la kijijini, kwa waliokwisha kutulia na kupata pamba. Waafshari wote. Lakini Karimi, mama yako na pamba wapi na wapi?"

Mzee akacheka huku analia. "Mama? Alisema pamba ni ya kufungia vidonda!" Akaukumbatia mfuko ule kifuani.

"Na zulia je, la nani?" akauliza.

"La mwanamke wa kwetu. Jina lake silijui, wala sitamtungia." Kisha Bibi akanigeukia. "Na wewe, ungemkata mama wa mtu kwa huruma? Eish!"

Zulia tuliliziba kwa sufu mpya. Mfuko haukuguswa.

Mwanangu, hapa Durban utaona watu wanatuita sote Wakongo, wa Bukavu na wa Bujumbura, na wewe utawaita wenzako vilevile ukiona nguo tu. Usimpe mtu ukoo kwa kutazama uso wake. Pindua kwanza. Ukijua kabila, taja kabila, uishie hapo. Na mwenye huzuni akikuomba uongo mtamu, mnyime, kisha ukae naye.

Mungu akupe mgongo unaoinama, na mdomo unaojua pa kukomea.