Mashini Iliyovaa Sweta

Kioo kiligeuka cheusi katikati ya neno. Mama Julienne aliinua vidole vyake taratibu. Mashini yake, kompyuta ya kubebeka, ikajiwasha yenyewe, ikaonyesha picha yake ya mwanzo, na kabla hajafungua lolote ikazima tena.

Mama huyu mtaa mzima wa Bel-Air unamjua. Ana kibanda cha kuchapa maandishi, na wanafunzi wa chuo wanamletea kazi zao za kumaliza masomo, maana hachapi tu, anakugombeza kwa kila nukta uliyosahau. Ni mjane wa mtu wa reli, na ana sheria zake. Clé ya mtu, kile kijiti cha kubebea kazi, haiingii kwenye mashini yake, kwa sababu clé za wanafunzi, asema yeye, zimejaa virusi. Na mashini haikai juu ya meza tupu wakati wa baridi. Mumewe, Baba Paulin, alipofariki, mama alifumua sweta yake ya buluu ya kazini, akaifuma upya iwe kifuniko. Akichapa, anakikunja chini ya mashini. Akipumzika, anaifunika nacho ikiwa bado inawaka, vumbi jekundu la malori lisiingie.

"Bwana yangu njo sentinelle," huwaambia wateja, maana yake mlinzi. "Eko anachunga."

Sasa ndani ya mashini hiyo, na si kwingine kokote, ilikuwamo kazi ya mwanafunzi Plamedie, imesahihishwa hadi ukurasa wa mwisho. Kesho asubuhi ilitakiwa chuoni. Isipofika, binti anangoja mwaka mzima. Naye alikuwa palepale kwenye kiti cha plastiki, halii, anatazama tu kioo.

Alijaribu yote aliyoyajua. Aliazima chaja nyingine, akachomeka umeme kwa jirani fundi viatu, akatoa betri akairudisha. Ikazima. Akashika ncha ya kifuniko kilichokunjwa chini yake, akasali Salamu Maria. Ikawaka, Plamedie akanyanyuka kitini, ikazima.

Hapo hasira ikatafuta mtu, na mtu hakuwa mbali. Ng'ambo ya barabara yuko Mounira, aliyefungua duka lake la fotokopi baada ya Pasaka na kuchukua nusu ya wateja. Mama Julienne alisimama mlangoni, akapaza sauti mpaka wauza makaa wakageuka.

"Mounira, kama unataka kuniua, uniue miye. Bulozi bwako buko bunazimisha mashini, buko bunatesa mutoto wa bantu."

Salale, uchawi! Neno la namna hiyo ni maji, yakimwagika hayazoleki. Mounira alibaki na karatasi mkononi, akamtazama, akaingia ndani. Na tuseme kweli, Mama Julienne alijisikia vizuri kidogo.

Aliyetoka ni Rachid, kaka yake Mounira, fundi wa simu na mashini, kifuko cha bisibisi mkononi.

"Mama Julienne, dada yangu ananituma. Anasema mutoto asikose masomo juu ya magomvi ya bakubwa."

Mama Julienne aliziba mlango kwa mwili wake. Alitaka kumfukuza, akamwona Plamedie, akampisha.

Rachid aliishika mashini kwa chini, akavuta mkono haraka. "Iko moto sana, Mama. Ikipata moto hivi inajizima yenyewe ili isiungue." Akalegeza skrubu, akanyanyua bamba la chini. Kisha kwa kibanio akachomoa kwenye feni kitonge cha nyuzi, na kingine, na kingine, akavipanga mezani.

Vilikuwa vya buluu.

Mama Julienne hakuhitaji kuelezwa. Buluu ile aliifua kwa mikono yake miaka yote ya ndoa. Aliokota kitonge kimoja, akakaa chini. Mlinzi aliyemweka mwenyewe ndiye aliyekuwa akiikaba mashini koo. Na barabarani alikuwa ametangaza jina la nani? Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Rachid alisafisha feni, akaiweka mashini juu ya vipande viwili vya mbao, akaiwasha. Ikawaka na kubaki inawaka. Kazi ilikuwapo, haikupungua hata herufi.

"Utie mu clé," Mama Julienne alimwambia binti, yeye mwenyewe aliyezipiga marufuku. Ndipo Plamedie alipolia.

Mama alichukua kifuniko, akajitanda mabegani, akavuka barabara. Hakuingia dukani. Alisema akiwa nje, kwa sauti ileile ya kwanza.

"Mounira, bulozi hakuna. Ni sweta ya bwana yangu, na ni miye niliiweka. Nilikutukana mbele ya bantu, njo minasema mbele ya bantu. Unisamehe."

Mounira alikuwa akinyoosha karatasi zake. Hakutabasamu.

"Nimesikia, Mama. Lakini bale balisikia maneno ya kwanza, nusu banarudi kwabo."

Mama Julienne aligeuka. Kweli, wauza makaa walikuwa wamepungua, magunia yamefungwa. Aliikaza sweta mabegani, akashika njia hadi nyumba ya muuza makaa wa kwanza, akabisha hodi.