Duara la Chai Kwenye Turubai

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo ilikuwa kuandika kasoro za michoro. Kabla ya kila mnada, hapa Dubai, nilikaa stoo na mchoro, taa mkononi, nikaorodhesha kila ufa na kila doa, kisha nikatia sahihi.

Mchoro wa wiki ile ulikuwa umechorwa na mwanamke wa Kimarekani aliyekwisha kufariki: buluu pana iliyotiririka, na ukingo wa turubai ulioachwa mtupu. Kwenye ukingo huo, chini kushoto, nikaona duara la rangi ya chai. Picha aliyotutumia muuzaji haikuonyesha ukingo, hivyo sikujua kama doa lilikuja na mchoro.

Papo hapo nilimfikiria mlinzi wa stoo.

Alikuwa Mkenya mwenzangu. Kila asubuhi alikuja kutoka Muhaisnah, kwenye mabweni ya wafanyakazi, na chupa ya chai ya maziwa, akanimiminia kwenye kikombe cha karatasi, yeye akanywea kifuniko cha chupa. Chai stoo ilikuwa marufuku, tena tulijua. Nikiandika kwamba doa ni jipya, kamera zitakaguliwa na yeye atarudishwa nyumbani. Nikinyamaza, sahihi ni yangu, na bado nilikuwa kwenye miezi ya majaribio. Na je, kama kikombe kilikuwa changu?

Siku mbili nilimchunguza. Mbona anafuta meza sana? Jana alifuta hivi? Mbona leo amekaa mbali na mchoro? Alipokwenda msalani, nilichukua kifuniko chake nikakiwekea rula. Akarudi akanikuta nimeinama.

"Msomi," akasema akicheka, "unanipimia suti ama ni jeneza?"

"Napima tu."

"Unapima tu." Akautazama mchoro, akanitazama mimi. Kicheko kikakatika. "Si ungeniuliza, dada?"

Ili mikono yangu ipate la kufanya, niliwasha taa nikalisogezea lile doa kioo cha kukuzia. Kwenye upande mmoja, tone la buluu lilikuwa limepita juu ya duara na kulifunika. Doa lilitangulia rangi. Maelezo ya muuzaji, niliyoyasoma mara tatu nikitafuta uongo, yalisema wazi kwamba mama huyo alichorea kwenye meza ya jikoni kwake.

Nikaandika: "Doa la duara, chini ya rangi. La zamani, huenda ni la mchoraji mwenyewe." Nikatia sahihi.

Siku ya mnada watu wawili waliushindania kwa simu hadi nyundo ikagonga. Mkuu wangu aliwaonyesha wateja lile doa kwa fahari, kana kwamba yeye ndiye aliyeligundua. Nilimwendea mlinzi yule yule, ambaye siku za mnada alilinda mlango, nikamweleza kwa sauti ya chini kwamba kikombe kilikuwa cha mchoraji, na kwamba nimeandika hivyo.

"Sawa, madam," alisema, akanifungulia mlango kama anavyowafungulia wateja.