BTP nyumbani Mafia: nilivyobishana na lesson plan mpaka Form Two wakaingilia kati

Wakuu, heshima kwenu, wakubwa kwa wadogo.

Nimekuwa mtu wa kusoma nyuzi za wenzangu humu, nacheka, napita. Leo nimeona niwape zamu mnicheke mimi. Haya yamenikuta mwenyewe na sijayatia chumvi. Ukifika mahali ukaona hapa jamaa anadanganya, ujue hapo ndipo nilipopunguza.

Kwa wasiojua, BTP ni mazoezi ya kufundisha. Ukisoma ualimu chuo kikuu unapelekwa shule, unafundisha kama mwalimu kamili, kasoro mshahara. Halafu anakuja mhadhiri kutoka chuoni, assessor, anakaa nyuma ya darasa na kukupa maksi. Ukifeli, hakuna mahafali. Wenzako wanavaa majoho, wewe unasubiri mwaka mwingine ukashike chaki upya.

Mimi nikachagua kisiwa cha Mafia. Wenzangu wakanisifu kwamba nina moyo wa kurudisha kwa jamii. Ukweli ni kwamba nimezaliwa Kilindoni na nilitaka kula kwa mama.

Mama yangu, kuanzia siku nilipotua na begi langu, alibadili jina. Alikuwa akiitwa mama Idi. Sasa anaitwa mama Mwalimu. Mwenye duka, mwenye genge, vijana wa bodaboda pale sokoni, wote. "Shikamoo mama Mwalimu." "Marahaba." Anaitikia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Naomba mlikumbuke hilo jina, maana ndilo nililokuwa nalichezea.

Sasa, tatizo langu mimi, wakuu, ni kuuliza. Chuoni nilikuwa yule mtu anayenyoosha mkono zikiwa zimebaki dakika chache kipindi kiishe, na darasa zima linaguna. Nilihoji kila kitu. Kwa nini tunasoma falsafa ya elimu kwa kukariri? Kwa nini mhadhiri anayetufundisha mbinu shirikishi anasoma slaidi tangu mwanzo mpaka mwisho?

Lakini adui yangu mkuu alikuwa lesson plan.

Mnaijua. Karatasi yenye vyumba vingi kuliko nyumba ya kupangisha. Utangulizi, maarifa mapya, uimarishaji, tafakuri, hitimisho. Mwalimu atafanya nini, mwanafunzi atafanya nini. Na chini kabisa kuna sehemu ya tathmini, unayotakiwa kuijaza baada ya kufundisha. Wenzangu walikuwa wanaijaza kabla: "Somo limeeleweka vizuri." Limeeleweka na nani, na wewe bado uko nyumbani unapiga pasi shati?

Kwa hiyo nikaamua, kwa msimamo, kwamba sitaandika. Nitafundisha kutoka moyoni.

Shule niliyopangiwa haikuwa na mwalimu wa Geography. Form Two walikuwa wanasoma somo hilo pale tu anapokuja mwalimu wa field kama mimi. Akiondoka, Geography nayo inaondoka. Nilipoingia siku ya kwanza walisimama wote na kuniamkia kwa furaha ambayo mimi, kwa ujinga wangu, nilidhani imesababishwa na haiba yangu.

Kiranja wao wa darasa alikuwa binti mmoja anaitwa Mwanahawa. Mfupi, mkali, anasimamia wenzake kama mama mkwe. Yeye ndiye aliyekuwa ananibebea madaftari na faili kutoka ofisini.

Wiki ile ile ya mwanzo akaniuliza mbele ya darasa, kwa adabu kabisa, "Mwalimu, mgeni wako akija, tumjibu nini?"

Nikashtuka. Mgeni maana yake assessor, na kumbe pale ndiyo desturi. Kila mwaka wanapokea walimu wa field, na kila mwaka wanapangwa: wewe utajibu hili, wewe lile. Wameshazoea, kama gwaride la siku ya Uhuru.

Nikawapa hotuba. Nikawaambia elimu si maigizo. Nikawaambia mimi mgeni wangu akija atawakuta mlivyo, mnaojua mtajibu na msiojua mtauliza. Wakanisikiliza kimya, kisha wakapiga makofi.

Nilidhani wamenielewa.

Assessor akaja. Mama mmoja wa makamo, mtaratibu, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi. Alikuwa anazunguka shule za kisiwani zote zenye wanachuo, na yangu ilikuwa ya mwanzo. Akakaa nyuma, nikafundisha, nikachangamka, watoto wakacheka. Kwa macho yangu mwenyewe nilikuwa nimeua.

Kipindi kilipoisha akaniita nje.

"Mwalimu, lesson plan iko wapi?"

"Iko kichwani, madam."

Akavaa miwani, akaniangalia kichwa, kama anayetafuta ilipo.

"Sawa," akasema. "Na mimi maksi zako nitaziweka kichwani."

Kisha akanieleza, bila kupandisha sauti, kwamba kwa alichokiona hawezi kunipitisha. Anakwenda shule ya Kanga na nyingine za kisiwani. Akimaliza, kabla ya kuvuka kurudi bara, atapita kwangu mara nyingine. Hiyo ndiyo ya mwisho. Nikikosa hapo, tukutane mwakani.

Jioni nikamsimulia mama, nikitarajia hasira dhidi ya mfumo. Alikuwa anachagua mchele. Akanisikiliza mpaka mwisho hoja zangu zote kuhusu ukoloni katika elimu.

"Yaani ni karatasi?"

"Karatasi, lakini mama, suala si karatasi, suala ni..."

"Umeshindwa kuandika karatasi, baba?"

Akaendelea kuchagua mchele. Nikaenda chumbani, nikaandika karatasi.

Na niliiandika kweli, wakuu. Nikajaza vyumba vyote. Mada ilikuwa Utalii. Swali la kwanza: utalii ni nini? La pili: taja aina za utalii. La tatu: ni vivutio gani tulivyonavyo hapa Mafia? La nne: utalii una madhara gani? Nikaiweka kwenye faili, na kesho yake nikampa Mwanahawa faili pamoja na madaftari apeleke darasani, kama kawaida yetu. Sikufikiria chochote.

Siku chache baadaye rafiki yangu aliyepangiwa Kanga akanitumia ujumbe: yule mama assessor ameondoka hapa, anakuja kwako, na leo hajacheka hata kidogo.

Akaingia. Akakaa nyuma. Safari hii nikampa lesson plan mkononi. Akaisoma, akaitikia kwa kichwa. Nikajisikia kama mtu aliyelipa deni.

Nikageukia darasa nianze na swali la kwanza. Utalii ni nini?

Na hapo hapo kichwa changu kikauliza: kwa nini? Nani duniani alianza kujifunza kitu kwa definition? Hawa watoto wamezaliwa kisiwani, watalii wanawaona kila msimu. Kwa nini nisianze na wanachokijua?

Naapa sikuweza kujizuia. Nikaruka utangulizi wote, nikauliza, "Nani kati yenu amewahi kufika Shungimbili?"

Shungimbili, kwa wageni, ni kisiwa kidogo cha mchanga huko baharini. Wavuvi wanapiga kambi, na watalii wanapelekwa kutembea, jioni wanarudishwa.

Mkono ukanyooka mmoja tu. Mwanahawa. Akasimama wima. Kipindi kinaendeshwa kwa Kiingereza, mimi nawawekea Kiswahili:

"Utalii ni kitendo cha mtu kusafiri na kukaa kwa muda nje ya makazi yake ya kawaida, kwa mapumziko au kwa shughuli nyingine, na kurudi."

Darasa likampigia makofi, pa pa pa.

Nikasema moyoni, labda hajanisikia. Nikajaribu kumsaidia kurudi Shungimbili.

"Vizuri. Na huko ulikwenda na nani?"

Kijana wa dirishani akanyanyuka. "Wa ndani na wa nje, mwalimu."

Pa pa pa.

Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikauliza tena.

"Haya. Mlipofika, mlikula nini?"

Msichana wa mstari wa mbele, kwa sauti nzuri kabisa: "Papa potwe na kasa, mwalimu."

Wakuu, Mafia nzima inajua kasa haguswi, na papa potwe ndiye anayewaleta wageni. Assessor akainua kichwa. Alikuwa ananiangalia mimi, siyo yule binti.

Nilipaswa kunyamaza. Lakini mdomo ulishazoea. "Nani... nani aliwaruhusu?"

"Mmomonyoko wa maadili, mwalimu."

Pa pa pa.

Assessor akafunga faili lake. Akasimama, akaja mbele taratibu, akanong'ona, "Umewafanyisha mazoezi."

"Hapana, madam. Wallahi."

"Kila mmoja hunijibu hivyo."

Niliona majoho yakipita bila mimi. Nikamwona mwenye genge akisita katikati ya salamu, hajui tena amwite mama yangu nani.

Assessor akawageukia wanafunzi, akabadili lugha akasema Kiswahili. "Nani aliwapanga?"

Mwanahawa akasimama, mikono nyuma.

"Sisi wenyewe, madam. Mwalimu hajui. Mimi nilinakili maswali kwenye faili lake, tukagawana, tukafanya mazoezi tukitoka madrasa."

"Kwa nini?"

"Mwaka jana aliyekuja kutufundisha, mgeni wake alipofika tuliogopa, tukakaa kimya. Mwalimu akaenda kulia nyuma ya darasa. Tukasema huyu asilie."

Nikaangalia ubao. Sikuwa na la kuangalia lingine.

Yule mama akaifungua tena lesson plan yangu. "Sasa mbona mmejibu ambayo hamkuulizwa?"

Mwanahawa akanitazama mara moja, kwa huruma ya mtu anayelazimika kusema kweli.

"Aliyekosea ni mwalimu, madam. Hakufuata lesson plan."

Darasa zima likaitikia kwa vichwa. Walikuwa wanakubaliana naye kabisa.

Assessor alijikaza. Nilimwona akivua miwani na kuifuta, muda mrefu kuliko inavyohitajika. Halafu akarudi kukaa nyuma.

"Mwalimu, kipindi hakijaisha. Fundisha."

Sijui nilisimama vipi. Nikawaambia, sahauni mlichokariri, aliyewahi kufika Shungimbili kweli anyooshe mkono. Akanyoosha Bakari, mtoto mkimya wa nyuma. Alikwenda na mjomba wake, mvuvi kutoka Kilwa anayekuja kambini kila msimu. Akasimulia jinsi watalii wanavyoshuka na chakula chao, wanapiga picha, wanaondoka, na chupa zinabaki. Wenzake wakaanza kuchangia. Mmoja dada yake anafanya kazi hotelini. Mwingine akataka kujua, kama kitabu kinasema utalii unaongeza kipato, kipato cha nani?

Nilikuwa nimefurahi mpaka nimesahau kuogopa.

Ndipo Bakari akaniuliza, "Mwalimu, mjomba wangu anatoka kwao, anakaa Shungimbili msimu mzima, halafu anarudi. Mbona yeye si mtalii?"

Nikageukia ubao niandike jibu, nikairudisha chaki.

Maana kumjibu Bakari, wakuu, kulihitaji kitu kimoja tu. Kulihitaji tujue kwanza utalii ni nini. Ile ile definition niliyoiruka.

Mkono ukanyooka. Mwanahawa. Hakusema kitu, alinisubiri tu nimruhusu, kama mtu anayekurudishia ufunguo uliouangusha.

"Haya, Mwanahawa. Tusomee tena."

Akaisoma, polepole, na safari hii tukaichambua neno kwa neno. "Shughuli nyingine" ni zipi? Kazi ya kulipwa imo? Darasa likagawanyika, wengine wakisema mjomba ni mtalii, wengine wakisema mtalii gani ananuka samaki. Bakari naye akacheka. Kengele ikagonga tukiwa katikati, na hakuna aliyetaka kutoka.

Nje, assessor akanionyesha karatasi. Nilikuwa nimepita. Si kwa kishindo, maksi za mtu aliyeshika ukingo wa mtumbwi kwa vidole. Kwenye maoni aliandika: "Ana uwezo. Asome lesson plan yake angalau mara moja, kama wanafunzi wake walivyofanya."

Mama nilimwambia nimepita tu. Kasa na papa potwe sikumweleza. Mji mdogo, akazipata habari sokoni kabla ya magharibi, na alinitengea chakula siku ile akisema, "Karibu baba, leo hakuna kasa."

Siku ya kuaga, Mwanahawa alinifuata ofisini. Nikadhani ananiletea zawadi. Alikuja kuomba.

"Mwalimu, mada zilizobaki, lesson plan zake unazo?"

"Za nini?"

"Tutafundishana wenyewe. Mwalimu mwingine sijui atakuja lini."

Sikuwa nazo. Nilikuwa sijaandika, kwa msimamo.

Nikaahirisha safari. Nikakaa kwa mama nikiandika, mada moja baada ya nyingine, vyumba vyote nimejaza, utangulizi mpaka hitimisho. Sehemu ya tathmini peke yake ndiyo niliyoiacha wazi. Hiyo watajaza wao.

Nilichojifunza? Bado nauliza maswali, hilo halijapona. Na bado naamini nusu ya ile karatasi ni ya kumfurahisha mkaguzi. Ila siku hizi kabla sijakipinga kitu, kwanza naangalia kama kuna mtu amekitegemea.

Walimu na mlio BTP sasa hivi, njooni hapa chini mseme yenu. Na kama yupo anayeweza kunijibu kuhusu mjomba wa Bakari, aandike tafadhali, maana Form Two wananidai jibu mpaka leo.