Ukuta Uliotupa Joto

Enzi zetu kule Kibirichia, baridi ilikuwa kama mtu wa nyumbani. Unaamka asubuhi, unatoka nje miguu mitupu, nyasi zimeganda kwa umande, unakimbia moja kwa moja hadi zizini. Unamwamsha ng'ombe, unasimama palepale alipolala, na joto lake linakupanda miguuni mpaka nyayo zikubali kwenda shule. Nikiwasimulia watoto wangu hayo wananitazama kama mtu aliyetoka mwezini. Wao wakikosa maji moto bafuni asubuhi moja tu, wanataka serikali ijiuzulu.

Kisa nilichopenda kuwasimulia kuliko vyote kilikuwa cha ukuta wetu wa joto. Nilikisimulia miaka mingi, nikicheka, nikijivuna hata. Tangu Agosti hii siwezi tena. Nilishtuka siku ile na bado sijatulia, kwa hiyo mkiona maneno yanarukaruka mnivumilie.

Nyumba yetu ilikuwa ya mbao, kama nyingi za upande ule. Ndani, Mama alibandika magazeti ya zamani kwa uji mzito wa unga wa ngano, tabaka juu ya tabaka, ili upepo wa mlima usipenye. Mimi nilijua kusoma kabla ya kuingia shule kwa sababu ya kuta hizo. Nililala nikisoma matangazo ya sabuni na habari za mawaziri ambao walikuwa wameshastaafu. Sisi watoto wanne tulilala chumba kimoja: Kinoti kifungua mimba, mimi Karimi, Mutwiri, na Kendi kitinda mimba wetu, ambaye kifua chake kilimsumbua kila msimu wa baridi.

Baba alikuwa mkulima wa viazi, na kama kuna kitu kilimtambulisha kijijini ni koleo yake. Haikutoka kwenye mfuko wa koti. Alikuwa na vipande vya seng'enge vimening'inia nyuma ya mlango, na hakuna kilichovunjika kwetu ambacho hakikufungwa na seng'enge. Mkono wa sufuria ulifungwa. Lango lilifungwa. Jembe, kiti cha wageni, kifuniko cha birika, hata kamba ya mkoba wangu wa shule. Alikuwa akisema, "Kitu kikikatika, kifunge na chenye nguvu kukishinda." Na kweli, alichokifunga Baba hakikukatika tena. Vijana wa leo kitu kikilegea kidogo wanatupa na kuagiza kingine kwa simu, tena wakiwa wamelala chali.

Stima ilitufikia mapema kuliko majirani kwa sababu nguzo zilipita kando ya shamba letu. Kuanzia hapo Jumamosi ya kwetu ikawa siku ya kijiji kizima. Akina mama wa kanisa walikuja na nguo za Jumapili ndani ya mabeseni, zimefunikwa na leso, wazipige pasi kwetu. Pasi mbili zilifanya kazi kwa pamoja, moja yetu na moja ya jirani. Kwenye ndoo koili ilichemsha maji ya chai, na redio iliimba nyimbo za Mungu. Nyumba ilinukia nguo moto na viazi vilivyochemshwa na maganda. Sisi watoto tulitumwa huku na huku, tukapata kiazi cha moto kila tuliporudi. Hizo zilikuwa raha zetu, na sikuomba nyingine.

Ila stima yenyewe ilikuwa na tabia moja mbaya. Ikishalemewa, pu! Inapotea. Redio inakata wimbo katikati, akina mama wanaguna, na Baba anatoka na koleo. Juu ya mlango wa sebule palikuwa na sanduku dogo la fyuzi. Baba alizima swichi kubwa, akachomoa kipande cha kauri nyeupe, na ndani yake kulikuwa na kiwaya chembamba kama uzi wa kushonea, kimeyeyuka katikati. Dukani waliuza kiwaya hicho kimezungushwa kwenye kadi. Baba alikata kingine, akakifunga, taa zikarudi. Lakini alikidharau sana kile kiwaya. Alikishika kwa vidole viwili akikitazama kama kuku mgonjwa. "Hii ni kitu gani? Mtu mzima anaunda kitu cha kukatika kila wiki!"

Halafu ikaja siku ya ruracio ya shangazi yetu Kagendo. Wageni walitoka Kiirua, wazee na wamama waliovaa vizuri, wamekuja kupeana mahari na kula mukimo. Mama alitaka kila kitu kiwe cha hali ya juu. Pasi zikachomekwa, koili mbili zikachomekwa, redio ikafunguliwa. Stima ikapotea. Baba akatengeneza. Ikapotea tena. Akatengeneza. Ilipopotea mara ya tatu, mzee mmoja wa upande wa bwana harusi akacheka na kusema, "Kumbe hapa stima ni ya kuonyeshwa wageni tu, si ya kutumia?"

Nyumba nzima ikacheka. Nilimwona Baba akicheka pia, lakini masikio yamemwiva. Akaenda nyuma ya mlango, akakata kipande cha seng'enge, akapanda kiti. Taa zikawaka. Tulipiga makofi, mimi nikiwa mbele, nikipiga kwa nguvu zote. Stima haikupotea tena siku hiyo. Haikupotea kwa sababu ya pasi tena katika maisha yetu yote ya utotoni, na Baba akapata sifa kijijini kwamba ya kwake haikatiki.

Haukupita muda, tukagundua ukuta wa joto.

Ulikuwa ndani ya chumba chetu, juu ya soketi, kipande cha ukubwa wa sinia. Kila Jumamosi jioni ukiweka mgongo pale unapata joto tamu linaloingia mpaka kwenye mifupa. Hatukujiuliza linatoka wapi. Mtoto akipewa joto Kibirichia haulizi. Tulisukumana, tukapigana makofi, mpaka Mama akatupangia zamu. Paka alihamia hapo. Vifaranga wa siku moja waliwekwa hapo ndani ya katoni, na hawakufa kama wale wa majirani. Kendi kifua kikimbana, zamu zilifutwa, yeye ndiye alilala hapo. Nimesimulia haya harusini, kazini, kwenye basi, na watu wa rika langu wakanionea wivu.

Sasa, Baba alitutoka miaka kadhaa iliyopita. Mama anaishi peke yake katika nyumba ileile, na alihamia chumba chetu kwa sababu, alisema, ndicho chenye joto. Agosti hii alilalamika kwamba baridi inamuuma magoti. Nikamnunulia hita ya umeme hapa Meru mjini na kuipeleka mwenyewe. Mdogo wangu Mutwiri ni fundi wa stima, mtu wa maneno mengi na kujisifu, na nilimwambia anipate huko aongeze soketi moja. Nilifika kabla yake; naye alipokuja alianza na lile sanduku la fyuzi sebuleni. Nilikuwa nimeshaitoa hita kwenye boksi na plagi iko mkononi mwangu aliponiita kutoka sebuleni. Hakuita kwa sauti yake ya siku zote.

"Karimi, kuja hapa. Weka hiyo kitu chini ukuje."

Alikuwa amesimama juu ya kiti na kipande cha kauri mkononi. Ndani yake hakukuwa na kiwaya. Kulikuwa na seng'enge, imepindwa kwa ustadi, ncha zote mbili zimekunjwa vizuri ili zisichome mtu. Niliijua ile kazi hata kabla hajasema neno.

"Ni ya Baba," nilisema, na nikaanza kutabasamu.

"Usicheke." Alishuka, akakaa juu ya kile kiti. "Hii kitu kazi yake ni kukatika. Kwa nyumba yote hii, hii peke yake ndiyo iliundwa ikatike. Unaelewa?"

Sikuelewa, akanielewesha. Waya zinazopita ndani ya kuta zina kiwango cha umeme zinachoweza kubeba. Ukichomeka vitu vingi kwa pamoja, zinabeba kupita kiasi na kuanza kupata moto. Hapo ndipo kile kiwaya chembamba kinapofanya kazi yake. Kinayeyuka kwanza, kabla ya waya za ukutani kuumia, na stima inakatika. Ndiyo sababu kinauzwa chembamba, na kila njia ya stima ina kiwaya cha unene wake. Baba alipoweka seng'enge, yule mnyonge aliyepaswa kutangulia kufa akaondolewa. Kilichobaki cha kuyeyuka ni waya zenyewe, ndani ya mbao, nyuma ya magazeti.

Nikamgeukia. "Mutwiri, ukuta wa joto."

Alichukua bisibisi, akaenda chumbani, akang'oa ubao mmoja juu ya soketi. Jamani! Nyuma ya ubao ule kulikuwa kweusi kama ndani ya tanuri la makaa. Mpira wa waya ulikuwa umeyeyuka na kukauka, ukapasukapasuka, shaba iko wazi imegusa mbao. Magazeti yalikuwa ya kahawia, na nilipoyagusa yakawa vumbi vidoleni. Kitanda cha Mama kilikuwa kimesukumwa hapohapo, mto wake umeegemea ukuta. Niliitazama plagi ya hita sakafuni, nikaisukuma mbali kwa mguu. Ningemuua mama yangu kwa zawadi.

Mutwiri naye, mtu wa maneno mengi, alinong'ona. "Nitavuta waya mpya chumba yote, niweke fyuzi ya ukweli, turudishe ubao. Tusimwambie Mama. Mzee amelala, tumwache alale."

Mama alikuwa jikoni akituchemshia uji, akiimba. Kwa miaka yote ile kitu alichojivunia kuhusu Baba ni stima ile isiyokatika, na nilitamani sana kukubali. Hakuna mwanamke anayestahili kuonyeshwa kitu kama kile uzeeni. Lakini nikafikiria Jumamosi itakayofuata. Akina mama wa kanisa bado huja na mabeseni yao. Pasi, koili, hita, na fyuzi mpya itakatika kama inavyopaswa. Mama atamwita jirani mwenye koleo na kumwambia arudishe kama ya mzee. Jirani atafurahi kusaidia.

Tukamwita.

Alisimama mlangoni na mwiko mkononi. "Mbona mmebomoa nyumba ya baba yenu?"

Mutwiri alimweleza polepole, kwa Kimeru, bila kujisifu hata kidogo. Alipomaliza, Mama akasogea, akapitisha vidole nyuma ya ubao, akavitoa vikiwa na masizi. Akavitazama. Kisha akaanza kutaja majina. "Kinoti. Karimi. Mutwiri. Kendi." Akaendelea kwa wajukuu waliolala hapo likizo, mmoja baada ya mwingine, na watoto wa jirani waliowahi kulala kwetu, mpaka wengine mimi nilikuwa nimewasahau.

Akakaa kitandani. "Na mimi ndiye nilikuwa nawasukuma hapo," alisema. "Mtoto akipata homa namtoa kwa baridi namleta hapa. Kendi nilikuwa namlaza hapa, namwambia asitoke."

Alilia, na sisi tukalia. Baadaye alijipangusa kwa leso na kutuonyesha kidole chenye masizi. "Msimseme baba yenu vibaya. Mtu angemwambia, hiyo waya angeitoa na meno."

Mutwiri alifanya kazi siku ile na iliyofuata. Tulipomaliza, Mama mwenyewe alikoroga ule uji wa ngano na kubandika magazeti mapya.

Enzi zetu stima ikikatika ilikuwa aibu, na aliyeizuia isikatike alikuwa shujaa. Hatukujua. Tulilelewa na watu waliotupenda kwa kila walichokuwa nacho, na tulilala usingizi mtamu ambao sijawahi kuupata tena. Watoto wangu leo wana swichi inayojizima yenyewe na waya zilizopimwa, na bado usiku wanagalagala na simu mpaka usingizi uwakimbie. Wako salama kutushinda, na nashukuru. Lakini nitasema ukweli: bado nalitamani lile joto, na nikilitamani mwili wote unanisisimka kwa hofu. Utoto wangu mtamu nimebaki nao hivyo, siwezi kuukumbuka bila kushtuka.

Jumamosi iliyopita nilikuwa kazini Mama aliponipigia simu. Nyuma yake nilisikia akina mama wakiguna na kucheka, bila shaka pasi zimepoa mikononi mwao.

"Imekatika," alisema.

Nikaanza kumwambia asiguse kitu, nampigia Mutwiri. Akanikatiza.

"Hapana, sikia. Karimi, imekatika, na mimi niko mzima."