Mawe ya Kibanda cha Mvuke

Mwezi uliopita nilirudi Kalemie, nikamkuta mdogo wangu na fundi wake wakibishana uani juu ya sauna. Ana nyumba ya wageni, na wageni wa siku hizi wanataka chumba cha kutolea jasho, kana kwamba jua letu haliwatoshi. Kwenye toroli kulikuwa na mawe ya ziwani, laini, yanang'aa. Nilipiga kelele hata kabla ya kusalimia. Nisamehe, rafiki yangu, lakini somo la mawe hayo nililipata mapema.

Nilikuwa na miaka tisa hivi. Bibi yangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Koko, aliwaongoza akina mama wanaocheza siku ya sikukuu ya parokia, wakipeleka matoleo altareni na vikapu vya mihogo kichwani. Mwaka ule magoti yake yaligoma. Zilibaki Jumapili mbili, na tayari mama mmoja wa kwaya alikuwa amekuja kumpa pole huku akiulizia nani sasa atabeba kikapu cha mbele. Koko aliapa kwamba atacheza. Angejenga kibanda cha mvuke cha kuyalainisha magoti, kama walivyofanya wazee wake kule Mpala.

Kumbe kuchagua vifaa ni kazi kuliko kujenga! Jirani yetu, mstaafu wa reli, alituletea mataruma, yale magogo yanayolala chini ya reli, akijisifu, "Mama, hii miti imebeba train myaka na myaka!"

Koko aliinama kwa shida, akanusa lami iliyoingia mtini. "Aksanti, Papa. Lakini hii ilikunywa gudron. Nikiingia humo, nitatoka nanuka lokomotive."

Jirani alinuna mpaka alipotengewa bukari, ugali wetu wa muhogo. Koko alisema kila kitakachokaa karibu na ngozi yako kinuse kwanza, hata mchumba. Nguzo zikawa za mkaratusi mkavu, wenye harufu nzuri. Misumari aliikataa, maana chuma kikipata joto kinachoma mgongo, tukafunga kwa kamba za magome. Kuta zilikuwa matete na udongo, na mlango blanketi zito.

Kazi yangu ilikuwa mawe. Alinituma mlimani nilete meusi, mazito, yasiyo na ufa. Mlima ulikuwa mbali, ziwa lilikuwa pale chini tu. Nikaokota mawe ya ufukweni, nikayaanika juani, kisha nikayapaka vumbi jekundu yafanane na ya mlimani. Nilijiona mjanja kweli.

Koko aliyapanga kwenye moto wa uani ili yakishika joto tuyaingize kibandani kwa sepetu. Kando yake ilichemka sufuria ya sombe, kisamvu chetu. Jiwe la kwanza lilipasuka kwa kishindo. La pili likatoboa sufuria. Tulikimbia, kuku wakakimbia, na Koko mwenye magoti yaliyogoma alitutangulia wote mlangoni mwa nyumba. Jirani alicheka mpaka akakaa chini.

Koko hakucheka. "Hii mawe ulitosha wapi?"

"Ku ziwa, Koko."

"Jiwe ya ziwa inakunywa maji tangu Mungu aumbe dunia. Utaikausha na jua ya siku moja?" Nikasubiri fimbo. Akanitazama tu. "Kama ingepasukia mule ndani, mutoto wangu?"

Afadhali angenichapa. Kesho yake nilipanda mlima mara nne, shingo ikiniuma, nikinusa kila jiwe bila kujua nanusa nini. Nilipotua mzigo wa mwisho aliuliza, "Ku mulima?"

"Ku mulima, Koko."

Akawasha moto. Jirani alijificha nyuma ya ukuta, nami nikamfuata. Koko akavuta kigoda chake mpaka pembeni kabisa ya mawe yangu, akanyoosha magoti yake mabovu, akaanza kumenya mihogo. Mawe yakawa mekundu, kimya. Nilitoka nikaenda kukaa naye, nikachukua muhogo nami nikamenya.

Siku ya sikukuu alicheza mbele, mgumu kidogo, kikapu hakikuyumba. Leo Koko hayupo, na ziwa lilipopanda lilimeza uwanja wetu wote, kibanda na mahali pa moto. Nasikitika, lakini nikimkumbuka nacheka kwanza. Wengi wameniamini tangu siku ile. Hakuna mwingine aliyevuta kigoda karibu hivyo, siku moja tu baada ya mimi kumdanganya.